Shati la Ofisini

Utomvu wa mgomba una tabia mbaya kuliko madoa yote niliyowahi kupambana nayo: ukikudondokea hauonekani. Unadhani ni maji. Unajipangusa, unaendelea na shughuli zako, na jioni unavua nguo ikiwa nyeupe vilevile. Kisha unaifua, unaipiga pasi, na hapo ndipo doa linapojitokeza na rangi yake ya kahawia, tayari kukaa nawe mpaka nguo ichakae. Kwetu Kirua Vunjo kila mwanamke analijua hilo tangu utotoni. Ndiyo maana kila mmoja ana gauni lake la migombani, na hathubutu kutoka nalo hata kwenda dukani.

Wanaume wa ofisini hawakuyajua hayo, na baba yangu alikuwa mwanamume wa ofisini hasa.

Alikuwa karani katika kampuni moja ya kahawa mjini Moshi. Kwa ukarani huo alikuwa na mashati meupe, tai mbili na mkoba wa ngozi uliobeba gazeti na chakula cha mchana. Alitoka alfajiri akateremka hadi barabara ya lami, akarudi jioni, na katikati ya hapo hakuna jembe lililowahi kumwona. Migomba ilikuwa ya mama, kama ilivyokuwa desturi. Ya baba ilikuwa mibuni, nayo aliipenda zaidi ikiwa imeshaandikwa kwenye makaratasi.

Kazi ya kufua mashati hayo ilikuwa yangu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na katika nchi yetu msichana anayesubiri matokeo ni mtumishi wa kila mtu. Lakini nilifua vizuri, nisijinyime sifa. Mashati ya baba yangeweza kumuumiza mtu macho kanisani, na nilipenda yawaumize.

Miaka yenyewe ilikuwa ile ya ruksa, serikali ilipofungulia bidhaa za nje. Ghafla maduka yalijaa sabuni za unga za kila rangi, na dawa za madoa zenye picha ya mama anayecheka peke yake mbele ya kamba ya nguo. Wakati huohuo ofisi zilikuwa zinapunguza watu. Yaani sabuni nzuri zilitufikia pale mashati meupe yalipoanza kukosa pa kwenda. Wakati ule sikuona kichekesho hicho, nilifurahia tu povu.

Nyumbani kwetu hakuna aliyepunguzwa. Kila jioni mama alipokea mkoba akauliza, "Ofisini kwema?" Baba akajibu, "Kwema. Mafaili tu." Walikuwa wameongea hivyo tangu kabla sijazaliwa, na hakuna aliyewahi kuuliza mafaili ya nini.

Doa la kwanza lilitokea chini ya pasi ya mkaa, begani upande wa kulia. Mama akanijia juu.

"Umeanika kwenye mgomba!"

"Mama, nimeanika kwenye kamba, kama siku zote."

"Basi kamba imeota utomvu."

Nikalifua upya huku nimenuna. Baada ya siku chache likaja shati lingine: bega lilelile, na vidoa kwenye mkono. Sasa nikaona naonewa na dunia nzima. Dada yake mama, mama mkubwa wangu, alikuja kututembelea, akaonyeshwa ushahidi. Yeye alikuwa na jibu kabla hajaketi.

"Mwanamume akianza kurudi na madoa mapya," akasema, "mtafute mwanamke."

"Mwanamke gani anayevuja utomvu?" mama akamwuliza.

Mama mkubwa akaomba chai.

Jumapili iliyofuata, tulipotoka ibadani, jirani mmoja alimsogelea mama na ile sauti ya watu wanaotoa pole kabla ya msiba. "Nasikia kule kazini kwa mzee wamefunga kufuli?"

"Labda upande mwingine," mama akajibu. "Kwake kazi zimezidi." Akamtazama baba aliyekuwa amesimama na wazee wenzake mlangoni, shati limemkaa, mikono nyuma. Njia nzima ya kurudi nyumbani alitembea nyuma ya baba, akiliangalia lile bega.

Kesho yake mama aliniita uani. Alikuwa ameligeuza shati lenye doa, upande wa ndani nje, amelishika juani. "Angalia," akasema. Nikaangalia. Nje doa lilikuwa limepauka. Ndani, kandokando ya mshono wa bega, lilikuwa zito na jeusi.

"Utomvu haukuanzia nje," mama akasema. "Umeanzia ndani."

"Utaanziaje ndani?"

Akaketi juu ya ndoo iliyofunikwa. "Analigeuza. Akifika kazini anavaa nje ndani, akimaliza analigeuza tena, ili arudi mweupe."

Hapo nami nikalielewa lile bega. Mwanamke hubeba mkungu kichwani, anayeubeba begani ni mwanamume. Na kila mtu alijua kwamba kule Njoro, mjini Moshi, kulikuwa na malori yanayopakia ndizi za kwenda Dar es Salaam, na kwamba wapakiaji hawaulizwi walisoma wapi. Baba alijua kwamba utomvu unachafua. Asichokijua ni kwamba unapenya kitambaa, halafu unasubiri pasi. Angejuaje, na maishani mwake hakuwahi kufua hata leso? Kila jioni alijitazama, akajiona mweupe, akarudi nyumbani akiamini ametushinda akili.

Nililia pale uani. Nilimwonea huruma baba mpaka nikamkasirikia.

"Tumwambie tunajua," nikasema.

"Ukimwambia," mama akanijibu, "kesho atavaa nini?"

Tangu siku hiyo tukawa tunafua kwa siri ya watu watatu, na mmoja wao hana habari. Baba asione doa hata moja, maana akiliona atajua kwamba tumeliona. Tulianza na ndimu na chumvi, shati likatandazwa kwenye nyasi juani. Doa likapauka kidogo, kama linatafakari, kisha likarudi. Tukajaribu maji ya majivu, mikono yangu ikababuka na doa likabaki zima. Mama mkubwa, ambaye hakuambiwa siri lakini aliambiwa doa, akasema dawa ni mafuta ya taa kabla ya maji. Hilo lilisaidia kweli. Kesho yake baba alisimama sebuleni akijinusa kola.

"Mbona nanuka koroboi?"

"Ni sabuni mpya hizi," mama akasema. "Za nje."

Baba akainamisha kichwa kwa heshima. Kitu kikiwa cha nje miaka ile hakikuulizwa maswali.

Mwisho tukanunua ile dawa ya mama anayecheka. Niliimimina kwa hasira za wiki nyingi, na lazima nikiri ilifanya kazi: doa lilitoka. Lilitoka na bega. Nilipolikung'uta shati nikamwona mama kupitia kwenye tundu, naye hakuwa anacheka.

Siku hiyohiyo alishuka mjini kwenye mitumba, akarudi na shati jeupe linalofanana na lile. Karibu linalofanana. Asubuhi baba alipapasa kifua chake kushoto, kisha kulia.

"Mama watoto, hili shati lilikuwa na mfuko mmoja."

"Lina miwili tangu zamani. Hujawahi kuliangalia."

Akafikiri. Naapa aliona aibu kwa kutolifahamu shati lake mwenyewe. Akahamishia kalamu kwenye mfuko wa pili, akaenda zake kubeba ndizi.

Sijui tungeendelea mpaka lini. Mimi ningeendelea, kwa sababu nilishaanza kuifurahia vita ile. Aliyechoka ni mama, na hakuchoshwa na kufua. Jioni moja baba alinyanyua mkono kupokea chai, bega likamkataa, kikombe kikatikisika. Akasema amelalia vibaya. Mama alikwenda jikoni, akasimama akiangalia moto, akaniambia taratibu, "Anaumia, nasi tunamfichia."

Safari nyingine ya mitumba alirudi na shati la kaki, nene, bega limeshonwa mara mbili, la aina ambayo baba hangekubali kuzikwa nalo. Asubuhi mama alilikunja, akaliweka kwenye mkoba juu ya gazeti, mahali ambapo hata kipofu angeligusa. Mimi nilikuwa nafagia palepale nilipokwishafagia.

"Nimekuwekea shati la ofisini," akasema, akimpa mkoba. "Hilo jeupe usilitese."

Baba alifungua mkoba. Aliangalia ndani kwa muda mrefu kuliko shati linavyostahili. Nilidhani atafoka, kwa maana alikuwa na hasira za karibu, na sehemu ya hasira hizo nimeirithi. Alifunga mkoba, akaweka tai yake sawa, akasema, "Haya," akateremka kuelekea barabarani.

Kutwa nzima mama hakukaa. Alikata majani ya ng'ombe yaliyokuwa yamebaki, akakata na ya kesho.

Jioni baba alirudi na shati jeupe likiwa jeupe kweli, upande wa ndani ndani na wa nje nje. Nikamwamkia. "Marahaba," akaitikia, lakini hakumpa mama mkoba. Alipita hadi uani kwenye beseni langu, akatoa lile la kaki mwenyewe, limelowa begani na lina harufu ya mgomba uliokatwa, akaliweka mikononi mwangu.

"Hili msihangaike nalo," akasema. "Liacheni na madoa yake."

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Akauliza kama alivyouliza siku zote.

"Ofisini kwema?"

Baba akaketi kwenye ile ndoo, akavua viatu.

"Kwema," akasema. "Malori mawili."