Meza ya Gracinda Mlangoni mwa Choo

Gracinda Vidigal hakuwahi kwenda dukani kununua sarafu ya ukumbusho. Zilimfuata zenyewe kwenye kaunta ya mkahawa wake, kwetu Cacilhas, hatua chache kutoka kivuko cha kwenda Lisbon. Kila mara nchi ilipotoa sarafu ya madini ya fedha kuadhimisha jambo fulani, watu waliikimbilia, wakaifunga kwenye leso na kuapa kwamba wataiachia wajukuu. Baadaye mwezi ulikuwa mgumu, kiu ikawa kali, na ile sarafu ya wajukuu ikatua kaunta kulipia kahawa na mkate wa nyama. Gracinda aliitoa kwenye droo ya mauzo, akatia pesa yake mwenyewe mahali pake, akaifuta kwa aproni na kuitumbukiza katika bati la biskuti.

Hivyo ndivyo alivyokusanya kwa zaidi ya miaka thelathini. Alikuwa na za escudo, pesa yetu ya zamani, zenye picha za mabaharia na meli zao, akawa na za euro zilipoingia. Nyingi zilikuwa na mikwaruzo. Moja ilikuwa na tundu, maana mwenye nayo wa kwanza aliwahi kumvisha mtoto wake shingoni kabla hajaibadilisha kwa chupa ya mvinyo.

Mji wetu ulikuwa na chama cha wakusanyaji sarafu, wote wanaume, wakikutana chumba cha nyuma katika ukumbi wa zimamoto wa kujitolea. Nyota wao alikuwa Abílio Quaresma, muuza friji. Sarafu zake hazikuwahi kuguswa na kidole cha binadamu. Kila moja ilikaa ndani ya kikasha angavu, na yeye mwenyewe alivaa glovu nyeupe hata kuonyesha kikasha. Kombe la maonyesho ya kila mwaka lilikuwa kama lake. Alilirudisha tu ili lichongwe tena jina lake.

Mwaka 2010 Gracinda aliomba meza kwenye maonyesho hayo. Abílio alikuja mkahawani kuchungulia lile bati.

"Mama yangu!" alisema. "Hizi umezisugua na nini, mchanga?"

"Aproni."

"Aproni! Bi Gracinda, sarafu ya fedha haisuguliwi. Na hii inanuka kitunguu."

"Basi usiile."

Watu wakacheka. Abílio akafunga mfuniko polepole, kama anayefunika maiti. "Nakuonea huruma, dada. Watu watakuja kutoka Lisbon. Usijiaibishe."

Mezani pembeni alikuwa ameketi mzee Silvério, mteja wa siku zote, mtu wa maneno machache mpaka wengine walidhani hasikii. Abílio alipotoka, Silvério aliinuka, akaomba aonyeshwe sarafu moja tu: ile ya escudo ishirini ya mwaka 1966, iliyotolewa daraja la mto Tejo lilipofunguliwa. Aliiweka kiganjani. Alikaa nayo mpaka kahawa yake ikapoa.

"Hapa," alisema mwishowe, akigusa kwa ukucha mahali ambapo, kwenye picha ya daraja, waya mkuu unashuka kutoka mnarani. "Hapa nilikuwa mimi."

"Ulikuwa wapi?" Gracinda aliuliza.

"Juu. Nilifunga nyaya. Miaka mitatu, upepo huku, mto kule chini."

"Silvério! Miaka yote unakunywa kahawa yangu hukusema?"

"Hukuuliza."

Akaeleza, na sisi tuliokuwepo tukaacha karata. Miaka yote ile juu ya mto hakuwahi kuteleza hata mara moja. Kisha wiki moja kabla ya ufunguzi alipanda mtini uani kwa mama yake kuchuma tini, akaanguka na kuvunja mguu. Daraja lilipofunguliwa kwa mizinga na bendi, wenzake walikuwa kule wamevaa mashati meupe, yeye alikuwa kitandani akisikiliza kwenye redio ya jirani. Hata makofi aliyasikia kupitia ukuta.

Gracinda hakucheka ile habari ya mtini, ingawa sisi tulishindwa kujizuia. Alikuwa anatazama bati lake. Baadaye aliniambia kwamba siku ile ndipo alipojua ataweka nini mezani.

Alianza kusaka watu. Kwa sarafu ya Aprili 25, siku ya mapinduzi ya 1974, alimpata Horácio, dereva wa teksi, ambaye asubuhi ile ya mapinduzi alikuwa askari kijana ndani ya gari la deraya Lisbon, tumbo tupu, hajui kama atapigwa risasi au atapewa ua, kama wananchi walivyowapa askari siku ile. Kwa ile ya euro nane, ya mashindano ya mpira ya 2004, hakutafuta mbali: Nelo muuza magazeti alikuwa uwanjani siku Wagiriki walipotufunga fainali, na alilia mpaka mkewe akampeleka hospitali. Wengine walifuata. Kazi ngumu ilikuwa Silvério.

"Mimi nisimame mbele za watu niseme nini?"

"Usiseme kitu. Shika sarafu yako."

"Si yangu, ni yako."

"Silvério, vaa shati jeupe, uje."

Siku ya maonyesho chama kilimpa Gracinda meza ya mwisho kabisa, mlangoni mwa choo. Abílio alikuwa katikati ya ukumbi, chini ya taa, na kitambaa cha mahameli. Gracinda alitandaza kitambaa cha jikoni, akapanga sarafu zake bila vikasha, na nyuma ya meza akapanga viti. Watu wake wakakaa. Silvério alikuja amenyolewa, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo yake inakata.

Kwa muda hakuna mgeni aliyesimama mezani pao. Halafu mama mmoja aliyekuwa anasubiri zamu ya choo akamuuliza Horácio, "Na wewe unauza nini?"

"Siuzi. Hii sarafu ni ya Aprili 25. Mimi nilikuwepo. Ishike, haiumi."

Mama akaishika. Akauliza. Horácio akajibu. Zamu yake ya choo ikapita, na iliyofuata pia. Nyuma yake wakasimama wengine, si kwa haja ya choo tena. Nelo naye alisimulia lile bao la Wagiriki kwa uchungu kiasi kwamba bwana mmoja mzima alilazimika kutoka nje kuvuta hewa. Watoto walizishika sarafu, wakazinusa, wakauliza maswali. Mahameli ya Abílio yalibaki na Abílio.

Mwamuzi, Bi Leocádia kutoka Lisbon, alifika pale na kalamu yake, akamkuta Silvério ameinamisha kichwa.

"Na hii, mzee?"

Silvério akasahau kwamba hakutaka kusema. Alimwonyesha waya ulipo, akamweleza jinsi upepo ulivyolia kwenye zile nyaya, akawataja wenzake wa zamu mmoja mmoja kwa majina, waliozeeka na waliokufa. Sauti yake haikuwa kubwa, na watu wa meza nyingine walisogea kumsikia. Alipomaliza, Gracinda alimgeukia na kuanza kupiga makofi. Horácio akafuata, kisha ukumbi mzima, na zimamoto waliokuwa nje wakaingia kuona kuna nini, wakapiga nao. Silvério alisimama wima, mikono imebana pembeni kama mwanajeshi, machozi yanamtiririka hadi kwenye kola, wala hakuyafuta.

Bi Leocádia alitangaza kombe: Gracinda Vidigal.

"Napinga!" alisema Abílio. "Kombe hili ni la sarafu, si la wazee!"

"Bwana Quaresma," alijibu Bi Leocádia, "sarafu hizi zinaitwa za ukumbusho. Wewe umetuonyesha fedha safi sana. Huyu mama ametukumbusha."

Ukumbi ulilipuka. Nelo alipanda juu ya kiti na kupiga kelele, "Safari hii tumeshinda fainali!" na watu waliokuwa wakilia wakaanza kucheka.

Tuliteremka mtaani wote kwa pamoja mchana ule, Silvério mbele amebeba kombe, madereva wa teksi wakipiga honi kwa sababu ya Horácio. Mkahawani Gracinda alifunga aproni palepale, akapasha mafuta na kukaanga kababu za samaki chewa kwa kila aliyeingia. Kombe tulilijaza mvinyo likazunguka.

Jioni ilipokaribia, Abílio akatokea mlangoni, hana uhakika kama aingie. Alikuwa amemshika mkono mama yake, kikongwe wa miaka themanini.

"Mama anasema," alianza, akakohoa. "Mama anasema mwaka 1998, kwenye maonyesho makubwa ya dunia pale Lisbon, yeye alipika kwenye banda moja. Sikuwahi kumuuliza. Nina sarafu ya mwaka ule."

"Sasa mbona mmesimama?" Gracinda akasema, akisukuma kiti kwa mguu maana mikono ilikuwa na unga. "Mkalishe mama hapo, tumsikilize."