Mishale Yangu Kwenye Tablo

Mimi nikishajua kitu, kunyamaza siwezi. Nilipokuwa mwaka wa tano wa biokimi, yaani mchepuo wa biolojia na kemia, kwenye shule yetu ya Katoyi, mdomo huo nusura unitoe darasani. Papa yangu, mfanyabiashara wa Butembo asiyependa maneno mengi, alishasema: nikileta zero ya biolojia, nahamia kwenye kushona nguo. Na mimi hata kutunga uzi kwenye sindano nilikuwa sijui!

Profeseri, mwalimu wetu wa biolojia, alichora seli ya mmea kwenye tablo, ule ubao wa darasa: ukuta, kiini, na kloroplasti, zile punje za kijani, zimetulia kama maharagwe kwenye sahani. Kazi yetu ilikuwa kunakili tu. Mimi kwenye daftari langu nikaongeza mishale ya kuonyesha zinakoenda, kwa sababu Jumamosi, nilipokuwa nasafisha mikroskopi ya shule, niliweka jani la ziwani nikaziona kwa macho yangu zikitembea.

"Wee mutoto, majani iko na miguu?" profeseri akauliza, darasa likaangua kicheko. "Futa hiyo mishale, ao ni zero."

"Sitafuta, profeseri. Tuangalie kwanza."

Asubuhi iliyofuata nikaleta kopo la majani ya ziwani. Profeseri akainama kwenye mikroskopi, akatikisa kichwa. Nikachungulia mwenyewe. Ole wangu! Punje zote zimelala, hakuna hata moja inayosogea.

"Mama fundi," wenzangu wakaanza, "mimi nataka kitenge cha Noeli!"

Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka. Kushika kopo, nikaruka: maji ni baridi kabisa! Yale ya Jumamosi yalikuwa yameshinda juani. Nikatoka mbio, nikaliweka uani juu ya mawe meusi ya volkano, yale yanayochoma nyayo jua likipanda.

Saa sita nikamvuta profeseri arudi. Akainama, akakaa hapo muda mrefu.

"Yesu wangu. Iko inatembea!"

Zilikuwa zinatembea, jamani! Moja nyuma ya nyingine, zikifuata ukuta wa seli, zikibebwa na uteute ulio ndani yake, zikikata kona na kurudi upande wa pili. Darasa zima likapanga foleni, hata wateja wangu wa vitenge. Nilipiga vigelegele peke yangu bila haya.

Profeseri alirudi kwenye tablo, akaitazama seli yake, kisha akaninyooshea chaki.

"Kuja, mama. Weka mishale yako."

Nikaichora mikubwa, mpaka mutu wa benchi la mwisho aione.