Niling'oa Kivumbasi cha Mama Mkwe

Kosa ni langu, wala sitafuti wa kunitetea. Nimechoka tu kulibeba peke yangu, ndiyo maana nawaambia nyie msionijua.

Tunaishi Chanika. Maji huku ni ya kununua kwenye boza, na maua niliyokuwa nikiyapanda yalikufa yote kwa kiu. Baba mkwe alipofariki, mume wangu alimleta mama yake kutoka Newala aje kuishi nasi. Mama hakukaa bure. Alipata miche ya kivumbasi, akaipanda kuzunguka nyumba, akafunika mashina kwa makumbi ya nazi. Mwanzoni aliimwagia maji tuliyosuuzia vyombo, kisha akaiacha ijitegemee.

Kiangazi kilipokuja uwanja mzima ulikauka, kivumbasi kikabaki kijani. Ukipita ukakigusa kwa gauni, harufu inakufuata mpaka ndani. Majirani wakawa wanakuja kuomba vijiti wakapande kwao, na wote walimuulizia mama, si mimi. Niseme ukweli, wivu ulinishika.

Ndipo mwanangu Neema akaanza homa za mara kwa mara. Akipata nafuu, baada ya muda inarudi. Rafiki yangu mmoja tunayesali naye alitazama ile mimea akashusha sauti: "Dada, we umelala. Hayo majani waganga ndiyo wanaogeshea watu. Huyo bibi kakuzungushia nyumba nzima."

Nilikuwa na mama ndani ya nyumba, mtu wa kumuuliza tu. Sikumuuliza.

Jumamosi moja alienda msibani mtaa wa pili. Nikashika jembe, nikang'oa vyote, nikavirundika uani na kuvichoma kwa mafuta ya taa. Moshi wake ulinukia mtaa mzima, watu wakaja kuchungulia. Mama akarudi akatukuta hivyo.

"Mama Neema, kuna nini?"

Nikamjibu mbele za watu: "Uchawi wako kaufanyie Newala, mwanangu niachie."

Mama alijifunga khanga yake vizuri, akaingia ndani. Asubuhi mume wangu akampeleka stendi, na tangu siku hiyo ananisalimia kama mpangaji mwenzake.

Homa ya Neema ilirudi. Hospitali wakampima, wakasema malaria. Daktari akaniuliza, "Kwenu mbu ni wengi? Chandarua mnatumia?" Chandarua kilikuwa kimetoboka, nami nilijua. Nikakumbuka kwamba mama alipoanza kupanda, alianzia chini ya dirisha la Neema. Nilipomuuliza daktari, aliniambia watu wengi hupanda kivumbasi kufukuzia mbu. Nililia pale benchi hadi mtoto akanishika mkono.

Nilisafiri hadi Newala. Mama alinipokea vizuri mno, akachinja kuku. Nilipiga magoti nikamwambia nimekosa, twende nyumbani.

"Nimeshakusamehe, mwanangu," akasema. "Nilikusamehe siku ileile. Ila kule sirudi. Leo umenielewa wewe. Kesho mtoto wa jirani akiumwa, watamtazama nani?"

Neno nililitoa mimi, lakini sasa linakaa kwenye vinywa vya watu ambao siwezi kuwazungukia nyumba kwa nyumba. Hata nilipojaribu kuwaeleza, wengine walicheka wakasema nimerogwa zaidi.

Sasa Neema anampigia bibi yake kila Jumapili, anamuuliza atarudi lini. Bibi anamwambia akipona miguu. Miguu yake haina tatizo lolote, anaenda shamba na kurudi.

Kwa hiyo wewe unayeishi na mama mkwe, ukiona amepanda kitu usichokijua, muulize ni cha nini kabla hujamuuliza mtu mwingine. Mie sikuuliza, na sasa yule mama anamdanganya mjukuu wake kila wiki ili mtoto asijue mama yake alifanya nini.