Viti Vilivyonyeshewa

Shangazi yangu ni mpiga chapa wa mikutano. Kazi yenyewe iko hivi: watu wanakaa kikao, wanarekodiwa, kisha sauti zao zinaletwa kwake. Anavaa hedifoni, anaweka mguu wa kulia juu ya pedeli, na kuandika kila kilichosemwa kama kilivyosemwa. Akikanyaga, sauti inaenda, akiachia, inasimama. Ameifanya kazi hiyo miaka kumi na tisa katika kampuni ileile, ghorofa ya pili, meza ya tatu kutoka mlangoni. Wenzake wanamwita Nukta, maana hajawahi kuruhusu sentensi itoke mikononi mwake bila nukta, hata kama msemaji mwenyewe hakujua anaishia wapi.

Si mtu wa makelele. Nataka hilo lijulikane mapema, kwa sababu baada ya yaliyotokea wako waliosema ana hasira za karibu. Uongo mtupu. Nimelelewa nyumbani kwake tangu darasa la nne, na sijawahi kumwona akipandisha sauti kwa jambo dogo. Jambo hili halikuwa dogo.

Lilianza kwa barua. Kampuni iliwaambia wapiga chapa wote kwamba kuanzia mwezi unaofuata watafanyia kazi nyumbani, na jengo litarudishwa kwa mwenyewe. Hapo hakuna ubaya. Ubaya ulikuwa kwenye ukurasa wa pili, palipoorodheshwa masharti: chumba kiwe na mlango unaofungika, kisiwe na mwangwi, kiwe na meza imara na kiti chenye magurudumu, mikono na mgongo unaorekebishika. Picha zitumwe zikaguliwe. Na mstari wa mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, ulisema maandalizi yote ni juu ya mfanyakazi.

Shangazi aliusoma mstari ule kwa sauti mara mbili, mezani, chai ikimpoa.

"Yaani wanahama kwao, wanahamia kwangu," alisema, "halafu mimi ndiye niwapigie deki!"

"Utafanyaje sasa, mama?" mumewe aliuliza. Yeye ni dereva mstaafu, mtu wa amani.

"Nitafanya. Ila usinitake nicheke."

Nyumba yao ina vyumba viwili na stoo ndogo pembeni mwa jiko. Stoo ndiyo iliyochaguliwa. Ofisi ilipofungwa, Jumamosi yake nilitoka kwangu nikaenda kusaidia kuihamisha vitu, na kazi ngumu kuliko zote ilikuwa kumbembeleza mzee aachane na matairi yake mawili, betri iliyokufa zamani, na kioo cha pembeni cha gari ambalo lilishauzwa chuma chakavu.

"Ipo siku nitakihitaji hicho," alilalamika.

"Ukikihitaji nitakuazima cha kwangu cha poda," shangazi alimjibu, na matairi yakatoka.

Tulipopafagia, alisimama katikati na kupiga kofi moja. Chumba kikamrudishia kofi lake. Kwa mtu ambaye riziki yake iko masikioni, huo ni ugonjwa. Tukapigilia mablanketi ya zamani kwenye kuta mbili, tukaning'iniza pazia zito mlangoni, akapiga kofi tena, na safari hii likafa palepale. Fundi umeme aliweka soketi mbili za ziada. Intaneti ilivutwa kutoka sebuleni kwa waya uliopita juu ya dari la jiko, na shangazi akaupima mwenyewe kwa macho kuhakikisha haupiti karibu na mvuke wa sufuria.

Kisha meza. Alikaa, akakunja viwiko, akanituma nimpime kutoka sakafuni hadi kiwikoni: sentimita sitini na sita. Akaandika namba hiyo kwenye karatasi, akampa fundi seremala mkononi. Wiki iliyofuata fundi alileta meza nzuri, imepigwa msasa mpaka inateleza. Ilikuwa na sentimita sabini na sita.

"Fundi, hii ni meza ya nani?"

"Yako, mama. Hicho ndicho kipimo cha meza. Meza zote ziko hivyo."

"Nilikuandikia sitini na sita."

"Niliona. Nikajua umekosea."

Shangazi aliweka kiwiko juu ya meza. "Mimi nachapa saa saba kwa siku," alisema polepole. "Nikichapa kwenye hii, mabega yatakuwa yananigusa masikio. Wewe ndiye utakuja kunikanda?"

Fundi aliona hapa hapana mchezo. Alikata miguu palepale uani, huku akinung'unika kwamba anaiharibu kazi yake mwenyewe kwa mikono yake mwenyewe. Lakini shangazi alipokaa na kuweka mikono, hata yeye alikubali kwa kichwa.

Kilichobaki ni kiti. Kwa kuanzia alitumia cha plastiki cha jikoni, na mto mgongoni. Alipiga picha nne kama alivyoagizwa, akazituma. Jibu lilirudi siku ileile kutoka kwa ofisa utumishi, kijana aliyeajiriwa mwaka huohuo: chumba kimepita, meza imepita, kiti hakikidhi viwango. Asipopata kinachofaa ndani ya siku saba, hatapangiwa kazi.

Hapo ndipo nilipomwona akibadilika. Alinipigia simu, na sauti yake ilikuwa chini sana, jambo ambalo kwake ni baya kuliko kelele.

"Nina kiti mimi," alisema. "Nimekikalia miaka kumi na tisa. Kiko kwao. Kesho unisindikize nikakiombe."

Asubuhi kulikuwa kumenyesha na bado manyunyu yalikuwa yanaendelea. Tulipofika, lango la mbele lilikuwa na kufuli. Mlinzi, mzee aliyekuwa akisalimiana na shangazi kila asubuhi kwa miaka yote ile, alitupitisha nyuma. Na huko nyuma, kwenye ua usio na paa, kando ya mapipa ya taka, tukaviona.

Viti vyote. Arobaini na kitu. Vimerundikwa kimoja juu ya kingine, vingine miguu juu, maji yanachuruzika kwenye vitambaa na kuingia kwenye sponji. Havikufunikwa hata kwa turubai.

"Vimekaa hapa tangu lini?" shangazi aliuliza.

"Wiki ya tatu sasa," mlinzi alisema, akitazama chini. "Nimewaambia juu, mama. Nimewaambia mara tatu. Wanasema vinasubiri uamuzi."

Shangazi aliliendea rundo. Alianza kuvizunguka. Nilijua anatafuta nini: mkono wa kulia wa kiti chake ulichanika zamani, na yeye mwenyewe aliushona kwa kipande cha suruali nyeusi ya mumewe. Alikiona kikiwa ubavuni, katikati ya rundo. Tukakivuta sote watatu. Kwa bahati vingine vilikuwa vimekikinga. Kilikuwa na unyevu, basi.

"Mama," mlinzi alisema kwa huruma, "mimi sina amri ya kutoa kitu."

"Najua, ndugu yangu. Hutoi wewe. Nachukua mimi. Fungua daftari lako uandike."

"Niandike nini?"

"Andika: ametoka na kiti kimoja, alichokikuta kinanyeshewa. Weka saa. Weka jina langu lote, na mwisho weka nukta."

Akaandika. Shangazi akasoma, akatia sahihi.

Hakuna gari lililokubali kutubeba na kile kiti chenye matope magurudumuni, kwa hiyo tulikisukuma. Mimi nilishika mgongo, yeye akashika mkono ule ulioshonwa, na gurudumu moja likawa linalia kila mzunguko, njia nzima. Watu walitutania. Muuza vocha alituuliza kama tumehama na tumeanza na bosi. Mwanamke mmoja dirishani akasema, "Dada, mbona unamsukuma na hayumo?" Siku nyingine shangazi angecheka na kurudisha utani. Siku ile alikuwa anatembea ametazama mbele, mvua inampiga usoni, na midomo imebanwa. Mara moja tu alisimama, tulipofika kwenye kona ya duka la dawa.

"Wameangalia picha ya kiti changu wakasema hakifai," alisema, "na huku wanakiozesha kile kinachofaa. Niambie, mwanangu, hiyo inaitwaje?"

Nikaushika mgongo wa kiti, tukaendelea kusukuma.

Tulikikausha siku mbili, mumewe akatia mafuta gurudumu. Siku ya tatu ikaja barua: anaitwa kwenye kikao cha nidhamu, kwa simu ya video, kwa kosa la kuondoa mali ya kampuni bila idhini.

Nilikuwepo. Nilikaa sakafuni, chini ya meza ile iliyokatwa miguu, ambapo kamera hainioni. Ofisa alifungua kikao kwa kusoma shtaka, kisha akauliza, "Mama, una la kusema?"

"Nina la kuuliza kwanza. Kikao hiki kinarekodiwa?"

"Ndiyo. Ndiyo utaratibu."

"Vizuri. Mwenyekiti ni nani?"

"Mimi."

"Na mlalamikaji?"

Akasita. "Ni... yaani, kampuni. Kwa niaba yake, mimi."

"Endelea, bwana mwenyekiti."

Lazima mwelewe kwamba kwa miaka kumi na tisa mwanamke huyu alikuwa ameandika mamia ya vikao vya nidhamu vya watu wengine. Alikuwa anajua nani huulizwa nini na kwa mpangilio gani kuliko yeyote katika jengo lile.

"Kiti ni mali ya kampuni," ofisa alisema.

"Sikatai. Kilikuwa wapi?"

"Hiyo siyo hoja."

"Ndiyo hoja pekee. Kilikuwa wapi?"

"Kilikuwa, aaa, kimehifadhiwa."

"Wapi?"

"Uani."

"Chini ya nini?"

Kimya. Nilisikia pumzi yake kwenye spika.

"Chini ya nini, bwana mwenyekiti?"

"Chini ya... hakukuwa na kitu juu yake."

"Ahsante. Sasa nakuuliza hili. Mlango huu unaouona nyuma yangu ni wa nani? Meza? Umeme unaoiendesha kazi yenu? Mablanketi haya ukutani niliyofunikia wanangu? Nimeigawa nyumba yangu niwape ofisi. Hamkunitumia hata msumari. Kisha mnaniita mwizi kwa sababu nimekikalia kiti mlichokitupa mvuani?"

"Mama, hakuna aliyesema mwizi..."

"Kuondoa mali bila idhini. Mimi ni mpiga chapa. Najua maneno yanasema nini."

Ofisa akasema uamuzi utatolewa baadaye, akakata.

Kwa utaratibu wa kampuni, kila kikao kinachorekodiwa kinaingia kwenye foleni ya kazi, na mpiga chapa wa kwanza aliye huru anakichukua. Shangazi alikuwa huru, maana walikuwa wamemnyima kazi, ila hakuna aliyekumbuka kumtoa kwenye foleni. Akavaa hedifoni, akaweka mguu kwenye pedeli, akaandika kikao chake mwenyewe neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza, pamoja na kila "aaa" na kila "yaani", na kila kimya kikiwekewa urefu wake kwa sekunde. Akamtumia mkurugenzi, kama utaratibu unavyotaka. Akawatumia na wapiga chapa wote, kama utaratibu usivyokataza.

Mkurugenzi alipiga simu mwenyewe baada ya siku mbili. Alisema kumetokea kutoelewana. Alisema shangazi abaki na kiti.

"Nashukuru," shangazi alisema, "lakini sikuomba zawadi. Na wenzangu je?"

Ikabidi litoke tangazo: kila mpiga chapa aje achukue kiti chake. Wakaja Jumamosi, nasi tukaenda. Katika viti arobaini na kitu, vilivyofaa kukaliwa havikuzidi kumi na viwili. Vingine sponji ilikuwa imeota ukungu, vyuma vimeshika kutu, ukikivuta kimoja, mgongo unabaki mkononi. Mwenzao mmoja, mjamzito wa miezi saba, alizunguka lile rundo kutwa, hakuambulia kitu. Alirudi na lifti ya mwenzake, mikono mitupu. Ndipo shangazi yangu alipolia, palepale uani, na haikuwa huzuni. Ilikuwa hasira.

"Turubai moja," alikuwa anasema. "Turubai moja tu!"

Kazi alirudishiwa, na anaifanya vizuri kama zamani. Ofisa utumishi bado yuko, na siku hizi barua zake ni fupi. Yule mjamzito alinunuliwa kiti kipya na kampuni baada ya wapiga chapa thelathini kutia sahihi ombi ambalo shangazi alilichapa. Ila neno la samahani halikuja, kwake wala kwa mwingine yeyote, na hilo ndilo lisilomshuka kooni.

Kwa hiyo kila Jumatatu, anapotuma ripoti yake ya wiki, anaongeza kifungu kimoja mwishoni: "Bado nasubiri kampuni iombe radhi kwa maandishi." Kila Jumatatu jibu linarudi: "Imepokelewa." Nilimuuliza juzi ataendelea hivyo mpaka lini. Alivua hedifoni ili anisikie vizuri, kisha akanitazama kama vile mimi ndiye nilikuwa nimeuliza jambo la ajabu.

"Mpaka waombe," alisema, akazivaa tena.