Nilivyompa Mgongo Kocha wa Boling

Aibu yangu ina mashahidi kumi na mmoja (niliwahesabu, nikarudia, kumi na mmoja, na wa kumi na mbili alikuwa Amerika ananitazama kwenye televisheni), kwa hiyo kuificha hakuna maana, bora niisimulie mwenyewe kuliko muipate kwa Mama Béa wa saluni, ambaye huniongezea na machozi ambayo siku ile sikuyatoa.

Mimi nacheza boling, ule mchezo wa kuviringisha tufe zito liangushe pini kumi. Msiniulize msichana wa Tanga aliyeletwa Durban na mama yake aliingiaje huko. Niliajiriwa kupuliza dawa viatu vya kukodi ukumbini, na asubuhi za Jumanne, kukiwa hakuna wateja, meneja akaniachia njia ya mwisho nicheze bure. Kwenye skrini ya juu wengine huandikwa wanne, watano, baba, bibi, watoto. Mimi jina moja tu, Zuhura, linacheza, linasubiri zamu yake, linacheza tena. Mama alisharudi Tanga kumuuguza bibi, nikabaki na chumba mtaa wa Point, kitanda kimoja na kikombe kimoja (viwili, lakini cha pili kina ufa).

Nilijirekodi nikicheza, nikawatumia makocha wa vyuo vya Amerika, ambako wasichana husomeshwa kwa mchezo huu. Vyuo viwili vilijibu. Kimoja kiliandika "tumepokea", basi. Cha pili kilikuwa na Kocha Marlene, mama mwenye sauti ya taratibu, akasema ada, malazi na chakula ni juu yao, nauli juu yangu, ana nafasi moja na wasichana wawili wanaoitaka, mimi na mwenzangu mmoja, tuzungumze kwa video Jumamosi alasiri. Niliitaka ile nafasi mpaka nikawa nalala nimeshika simu.

Sasa uamuzi wenyewe, mdogo kabisa: kioo cha simu yangu kilikuwa kimepasuka, nikaenda kuongelea dukani kwa Papa Gédéon, Mkongo fundi simu wa mtaani kwetu, ambaye namuuzia kava za simu wikendi na ndiye aliyenifundisha kubishana bei. Papa akasema simu ya nini, akaniunganishia kwenye televisheni kubwa ya ukutani, nami nikakubali, maana ukweli ni kwamba sikutaka kuwa peke yangu chumbani siku kama ile. Duka lake linapakana kwa mlango na saluni ya Mama Béa, basi wateja waliosukwa nusu kichwa wakavuta viti nao.

"Usikubali bei ya kwanza, ma fille, binti yangu," Papa akaninong'oneza. "Ya kwanza ni ya wageni."

"Papa, huyu hauzi kava."

"Kila mtu iko anauza kitu."

Kocha akatokea, mkubwa kama ukuta, akanisalimia, akauliza hao wote nyuma yangu ni akina nani. Nikasema familia. Akarudia masharti yake, kisha akasema, "Zuhura, una swali? Lolote kabisa."

Nilikuwa nalo moja, wiki mbili nzima: Desemba bweni likifungwa na wenzangu wakaenda kwao, mimi nakwenda wapi? Lakini utaliulizaje mbele ya watu kumi na mmoja uliokwisha kuwaita familia? Nikatazama vidole vya Papa Gédéon nyuma ya kamera, nikaomba nauli. Akasema samahani, nauli hana. Nikaomba basi tufe, la kwangu mwenyewe. Akacheka kidogo, akasema tufe atalitafuta. Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Papa akainua kidole gumba, yaani panda zaidi, akainua tena, nikajisikia nasema kuna chuo kingine kinanipa vyote, na nauli juu.

"Kweli?" akasema. "Mimi sina zaidi ya hiki."

"Basi asante, kocha, ngoja niangalie kwa wenzio." Nikasimama, nikatoka nje.

Ninyi mnanielewa. Ukipewa bei ya mwisho unashukuru, unaondoka polepole, na kabla ya hatua ya saba muuzaji anaita, njoo dada, njoo tuongee. Nikazihesabu saba. Kimya. Nikadhani nimekosea, nikaanza upya mbele ya duka la jirani, nyingine saba. Nikafika kwenye robot ya kona, taa za kuongozea magari, ikawa kijani, nyekundu, kijani tena, watu wanavuka wawili wawili na mifuko yao, na mimi nimesimama nasikilizia nyuma yangu kama kuna anayetaja jina langu.

Niliporudi, mashine za kukaushia nywele zilikuwa zimezimwa.

"Amekata," Mama Béa akasema.

"Alisema nini?"

"Alingoja kwanza. Alikuwa anaangalia kiti chako. Nikamwambia, madame, huyu anarudi, anatembea tu. Akauliza, anatembea kwenda wapi?" Akanitazama. "Sikujua kumwambia wapi."

"Eish," Papa Gédéon akasema. "Huyu mama hajui soko."

Mmoja mwenye rola kichwani akaanza kucheka, wakafuata wote, nami nikacheka, maana kati ya watu wanaocheka asiyecheka ndiye anayeonekana.

Jioni ile nikamwandikia kocha kila kitu: hakuna chuo kingine, kule kuondoka ni desturi ya soko, naomba radhi. Na kwa kuwa sikuwa na cha kupoteza tena, nikaliuliza na lile swali la Desemba. Jibu likaja Jumatatu. Nafasi ameshampa mwenzangu. Aliposikia nimepata pazuri zaidi alinifurahia, hakutaka kunichelewesha. Kuhusu Desemba, wasichana wa mbali hukaa nyumbani kwake. Niliisoma mara mbili, ikawa ileile.

Mwaka huu nimetuma video tena, vyuo sita. Kava bado nauza na bei nabishana kama kawaida, mkija mtaona. Lakini mtu ninayemhitaji, nimeapa, sitampa mgongo nione kama ataniita. Wako watu ukiwaambia unaondoka wanakuamini, wanakufungulia na mlango, na wanakutakia safari njema.