Nilisema "Yako"

Mimi na mdogo wangu tulikuwa na kibanda cha vyombo vya plastiki Tunduma, upande wa soko unaokaribia mpaka. Tuliuza mabeseni, ndoo, madumu na viti vya watoto. Asubuhi wateja wa ng'ambo, upande wa Zambia, walijaa, wakituita "bamayo", yaani mama, kwa heshima zote, kisha wakibishana bei kama tumewaibia. Ikifika saa nane mchana soko linapoa, na hapo ndipo tulipotoa gemu.

Ilikuwa gemu ya mkononi ya kizamani, nene kama kipande cha sabuni ya mche, vitufe vimefutika maandishi. Mdogo wangu aliipata kwa jirani aliyeuza vifaa vya umeme, ambaye watoto wake hawakutaka kitu kingine zaidi ya simu. Ndani yake kulikuwa na michezo mingi, ila sisi tulicheza mmoja tu: mpira wa wavu wa ufukweni, wawili kwa wawili. Tulikuwa upande mmoja, yeye mbele, mimi nyuma, tukipambana na mashine. Rimoti ya pili ilichomekwa kwa waya mfupi mno, kwa hiyo tulikaa kwenye benchi bega kwa bega, vichwa vikikaribia kugongana.

Mama lishe wa kibanda cha pili alitusema. "Wanawake wazima nyie, hamna haya?" Nilimjibu kwamba wanaume wanacheza drafti kutwa nzima na yeye huyohuyo anawapelekea chai. Sikuwa mtu wa kunyamazishwa.

Halafu mpira wa wavu tuliujua. Tuliucheza sekondari, timu moja, kwenye uwanja wa udongo mwekundu uliotuchubua magoti. Mwalimu wa michezo alikuwa na sheria: mpira ukija katikati ya wawili, mmoja aseme ni wa nani, na aseme kwa sauti. Ukianguka huku mkitazamana, wote mnazunguka uwanja mkikimbia mpaka mate yakauke. Sisi tulipiga kelele "yangu!" na "yako!", na mwalimu wa Kiswahili akipita alishika kichwa. "Mpira ni wako, nyie watoto, siyo yako!" Tulicheka. Nyumbani tulikuwa tunaongea Kinyiha, Kiswahili tulikibeba hivyohivyo. Hata kwenye gemu, miaka yote hiyo baadaye, mpira uliendelea kuwa yako.

Mama yetu aliishi Igamba, peke yake kwa kupenda kwake, na kahawa yake na mahindi yake. Baba alikuwa amekwisha kufariki. Tulimbembeleza ahamie kwetu, akaja, akakaa siku nne, akasema mji huu unanuka moshi wa malori na watu wake hawasalimii. Siku moja alichungulia gemu akauliza kwa nini wale watu wamevua nguo pembeni ya maji na hakuna anayeoga. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Alikuwa na presha, akimeza vidonge kila siku, na tulikuwa tukimtumia kwa basi kabla havijaisha.

Mama hakuwa mtu wa kupiga simu. Alibipu. Inalia mara moja, anakata, halafu mmoja wetu anampigia. Alibipu simu ya biashara tu, iliyokaa kwenye rafu, maana alijua ile haizimwi. Na hakubipu mara mbili. Aliona ni kuwasumbua watu kazini. Akishabipu aliweka simu mapajani akasubiri.

Mchana mmoja tulikuwa ishirini kwa kumi na tisa, kwenye ngazi ambayo hatukuwahi kuivuka. Simu ikalia mara moja, ikakatika. Niliitupia jicho nikaona jina la Mama. Nikarudisha macho kwenye gemu nikasema, "Yako."

Mdogo wangu akabonyeza. Mchezaji wake akaruka, akaushusha mpira upande wa pili wa wavu. Tumeshinda! Tulipiga vigelegele, tukakumbatiana, mama lishe akaja mbio kuuliza nani amejifungua. Nikasema tuendelee na ngazi inayofuata.

Jioni tukifunga kibanda, simu ililia, na safari hii haikukatika. Alikuwa jirani wa mama. Amemkuta ameanguka jikoni, mdomo umepinda, haongei. Tulikodi gari palepale. Mama aliishi siku tatu hospitalini na hakusema neno.

Jirani alitusimulia pembeni ya kitanda. Vidonge vilikuwa vimeisha tangu juzi yake, maana mwezi ule sisi tulisahau kutuma. Kichwa kilimuuma tangu asubuhi. Jirani alitaka kumwitia bodaboda impeleke zahanati, mama akakataa. Alimwambia, "Nimeshawabipu wanangu. Watapiga sasa hivi."

Sijui nimelia mara ngapi kwa ajili ya hilo "sasa hivi".

Baada ya mazishi ukoo ulikaa. Shangazi zetu wawili, dada zake baba, walikuwa wamesikia maneno ya jirani, na shangazi mkubwa akauliza bila kuzunguka: "Mama yenu aliwabipu. Simu ilikuwa kwa nani?"

Nikasema, "Nilimwambia huyu apige." Nikamwonyesha mdogo wangu kwa kidevu.

Mdogo wangu alinitazama. Nilimwona akitafuta kichwani ni lini nilimwambia, na nikamwona alipopata. Angesema nini mbele ya watu wale? Kwamba alidhani nasema mpira? Kwamba mama akisubiri simu mapajani sisi tulikuwa tunacheza gemu? Hapo angetuanika wote wawili. Akainamisha kichwa.

"Mwanangu," shangazi mkubwa alimwambia, "hata simu tu?"

Tangu siku hiyo, kwenye ukoo wetu, yeye ni yule aliyeshindwa kumpigia mama yake. Kwenye misiba na harusi akiingia, sauti zinashuka. Mwisho akaacha kuja. Akaniachia kibanda, akahamia ng'ambo, Nakonde, kwa mume wake.

Nimejitetea sana moyoni. Nilisema yako, ni kweli, na nilimaanisha simu. Ningeongeza neno moja tu, "simu", mambo yangekuwa mengine. Lakini si hilo linaloniumiza. Tulikaa bega kwa bega mchana kutwa, waya haukuturuhusu kuachana. Kama angepiga ningesikia kila kitu, kwa sababu mama alipoongea kwenye simu hata wateja walimwitikia. Nilijua hajapiga. Nilijua saa tisa, nikajua saa kumi. Nilijiambia atapiga gemu ikiisha, na kila ilipoisha ni mimi niliyesema tuanze nyingine.

Ilinichukua mwaka mzima kuvuka mpaka, na ni mwendo wa miguu. Nilimkuta uani anaosha vyombo. Alifuta mikono, akaniletea kiti, akanipikia. Nilimweleza yote, hata ya saa tisa na saa kumi. Nililia kama mtoto. Yeye hakulia.

"Dada, hayo nayajua," alisema. "Si nilikuwa nimekaa palepale? Nimekusamehe siku nyingi. Na mimi ningeisikia ile simu kama ningetaka kuisikia."

Nikamshika mkono. Akaniacha niushike.

"Sasa kawaambie shangazi," alisema. "Kwa mdomo wako, mbele ya watu walewale. Mimi sitasema."

Nikamwahidi. Akanisindikiza hadi barabarani.

Tangu wakati huo nimekwenda Igamba mara mbili. Nilibeba sukari na sabuni, nikakaa na shangazi zangu, tukaongea habari za kahawa na mvua. Mara ya pili, shangazi mkubwa aliuliza kama yule mwenzangu bado anajificha ng'ambo. Nilikuwa na sentensi yote tayari mdomoni, nimeirudia njia nzima kwenye gari.

Shangazi akanipigapiga goti. "Heri mama yako alikuwa na wewe," alisema.

Nikamwambia, "Asante, shangazi."