Tuta Moja Dirishani

Kwa nini mtu abomoe kwa mkono wake kosa alilolijenga, kisha abakize sehemu yake moja na kuishi nayo mpaka kufa? Swali hilo nimekuwa nalo muda mrefu, na sasa wa kunijibu hayupo. Habari niliipata hapa Mbinga kwa dereva wa lori la kahawa, mikono yake ikiwa bado kwenye usukani: "Bwana, yule rafiki yako wa Maguu, mwenye nyumba ya vioo, tumempoteza." Nilipanda lori lile lile kwenda msibani, nikiwa na uchovu ambao usingizi hauuondoi.

Wasomaji wangu wa milimani wanaijua nyumba ile ya matofali ya kuchoma, ya kwanza kijijini kuwa na madirisha ya vioo. Marehemu alikuwa mkulima hodari. Mteremko wake wote ulikuwa wa ngoro, yale mashimo yetu yenye matuta pande zote, yanayozuia mvua isiteremke na udongo. Basi alipojenga, alifanya alichokijua: kwenye ukingo wa nje wa kila dirisha alifinyanga tuta la saruji ili kuizuia mvua. Mvua ikazuiwa kweli. Ikatuama pale, ikapenya chini ya fremu, ikashuka ukutani hadi kitandani. Mtoto wao akaanza kukohoa, na mkewe, binti wa wavuvi wa Lituhi, akambeba mgongoni, akarudi kwao.

Nilimsindikiza rafiki yangu kwenda kumwomba arudi. Tulimkuta akianika usipa, dagaa wa ziwa lao, wala hakuinuka.

"Karibu, shemeji," aliniambia mimi. Kisha akamgeukia mumewe. "Kwa baba yangu maji hukaa ziwani. Kwako yanalala kitandani. Mimi nilale wapi?"

"Nitayabomoa yale matuta."

"Yote?"

"Yote, mama. Nasema mbele ya shemeji yako."

"Kabomoe kwanza, nitasikia. Na huyu shemeji asikusaidie kwa maneno matupu."

Aliyabomoa, akaziinamisha kingo zielekee nje, na mkewe akarudi. Lakini tuta la dirisha la sebuleni, linalotazama shamba, aliliacha. Kila masika mkewe alikamua matambara chini yake. Nami kila nilipomuuliza marehemu sababu, alinikaribisha kahawa.

Siwezi kumcheka. Kila mtu huja na maarifa ya mahali alipoyapatia. Bwana Shamba wa serikali alikuja na ya nchi tambarare, akataka mashimo yetu yafukiwe. Sisi tuliosoma tulirudi na ya vitabuni, tukawahutubia wazazi wetu. Marehemu aliyachukua ya shambani akayapandisha dirishani. Kukosea hivyo si aibu. Kinachotuchosha ni miaka tunayoimaliza tukikausha sakafu, ilhali tindo ya kubomolea iko humo humo ndani.

Jioni baada ya maziko mvua ilinyesha. Mjane alipiga magoti chini ya dirisha lile, akaanza kukamua tambara, akasema kwamba tuta litabomolewa. Mdogo wa kiume wa marehemu, ambaye watoto humwita baba mdogo, alishtuka.

"Hilo lisiguswe. Ni mkono wa marehemu."

"Mkono wake ninao kwa watoto, baba mdogo. Haya ni maji, na nimechoka kuyakamua."

"Basi mwaka uishe kwanza."

"Mwaka una masika, baba."

Hakuna aliyecheka, ingawa siku nyingine tungecheka. Mjane akanigeukia. "Shemeji, nawe unasemaje?"

"Libomolewe," nilisema.

"Leo umesema maneno machache. Vizuri."

Kulipopambazuka alijifunga kaniki yake ya msiba, akatoka na tindo na nyundo ya mumewe. Baba mdogo alisimama kando, mikono nyuma, akimtazama akikosea pigo la kwanza. Kisha akasogea, akamshikia tindo. Kipande cha kwanza kilipong'oka, maji ya usiku yalimwagika nje, yakatiririka kwenye mteremko kuelekea ngoroni.